Tulivyopeleka Posa ya Programu kwa Mzee Henrik

Funguo za chumba cha kompyuta nimezirudisha wiki iliyopita, na kijana aliyezipokea akaniuliza kama kuna kitu anapaswa kujua. Kitu! Nimekaa kwenye chumba kile tangu vita ya wenyewe kwa wenyewe haijamaliza mwaka wa pili mpaka juzi, halafu mtu ananiuliza kitu, tena amesimama, kofia ya pikipiki mkononi. Nikamwambia, "Mlango wa nyuma unasukumwa kwa goti." Akaandika kwenye simu yake, akashukuru sana. Nikaona basi, afadhali niandike mwenyewe nikiwa nimekaa, chai ya tangawizi pembeni, maana mambo mengine hayasukumwi kwa goti.

Vyeo sitavisema, kwa sababu nilikuwa na kimoja tu na nimezeeka nacho. Mshahara pia tuuache, nisije nikaanza kulia mapema. Jina langu ni Rukia, lakini tangu nimzae Nasra hakuna anayelitumia. Marehemu baba alikuwa na duka la vitambaa mtaa wa Rohero, kama babu yake aliyetoka Omani, na katika ukoo wetu mwanamke ama anapima kitambaa, ama anaolewa na mtu anayepima kitambaa. Mi nikasomea umeme. Baba alikuwa anawaambia wateja kwamba binti yake anafanya kazi chuo kikuu, "kwenye televisheni nyingi," na akifika hapo anabadilisha mazungumzo.

Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na Mzee Leonidas, fundi wa chumba, mtu mfupi mwenye koti la buluu na mifuko sita. Nilikuja nimejiandaa kuulizwa maswali ya umeme. Hakuniuliza hata moja. Alinipa unyoya wa kuku. Akafungua kompyuta, akanionyesha vumbi ndani, akasema, "Kwanza safisha. Ya pili, safisha tena. Ya tatu, sasa unaweza kuogopa." Wallahi, nusu ya mashine nilizoponya maisha yangu yote niliziponya kwa unyoya ule na kifutio cha penseli. Kifutio ni cha kusugua vile vijino vya shaba kwenye kadi ya memori. Vikishika uchafu mashine inakataa kuwaka, na watu wanaanza kusema imekufa. Haijafa. Inataka kuogeshwa.

Sheria yake nyingine ilikuwa ya wakati ule. Risasi zikianza kulia karibu, kwanza unahifadhi kazi kwenye disketi, halafu unalala chini. Mi nilikuwa nafanya kinyume, nalala kwanza. Akanikemea: "Mama Nasra, risasi ikikukosa, utaamka na kazi yote imepotea. Utafurahi?" Nikamwambia nitafurahi sana. Hakucheka.

Sasa niwaeleze mashine zenyewe, maana nyinyi mmezikuta zote za namna moja, mnadhani dunia ilianza hivyo. Zetu zilikuwa misaada, zimetoka nchi tatu tofauti, za aina tatu tofauti, na kila aina ilikuwa na kiburi chake. Mchoro uliochorwa kwenye aina ya kwanza, ukiufungua kwenye ya pili, duara linakuwa yai. Kwenye ya tatu haufunguki kabisa. Wanafunzi wa jiografia walikuwa wanachora ramani upande wa dirishani, halafu wanasimama foleni hapohapo, huku mashine nzima upande wa pili zimekaa bure kama mabibi wasioalikwa.

Ikatokea mwalimu mmoja kijana karudi kutoka masomoni Ulaya na CD tano za programu huria. Ndipo tukasikia jambo hilo mara ya kwanza: programu ambayo mapishi yake yako wazi. Unayasoma, ukiona chumvi imezidi unarekebisha, unawarudishia wenyewe, nao wakiridhika wanaweka jina lako kwenye orodha ya wapishi. Ndani ya zile CD mlikuwa na kazi ya wanafunzi wa vyuo vya nchi mbalimbali, ya kutengeneza daraja, ili programu ya kuchora iliyoandikwa kwa mashine ya aina moja iweze kuchora sawasawa kwenye aina zote. Mkubwa wao, mwenye kuamua nini kiingie na nini kisiingie, aliitwa Henrik. Hatukujua zaidi ya hapo.

Wawili waliishika kazi ile kama njaa. Wa kwanza ni Goreth, wa Gihosha kule juu, mwembamba, miwani imefungwa waya, na maneno yake ya siku nzima ungeyabeba kwenye kijiko cha chai. Kwao milio ilikuwa inashuka kutoka milimani karibu kila wiki, lakini ukimuuliza habari za nyumbani anasema, "Ni nzuri," anawasha mashine. Wa pili ni Désiré, wa Buterere, anayefika asubuhi viatu viko kwenye mfuko wa plastiki, miguu matope mpaka magotini, anaoga miguu kwenye bomba la nje akiwa tayari anaongea. Mjomba wake alikuwa msemaji wa harusi, wale wanaoalikwa kuombea familia mchumba kwa maneno matamu, na Désiré alirithi ulimi wote bila kugawana na ndugu zake. Goreth alikuwa anaandika programu. Désiré alikuwa anaielezea. Mi nilikuwa nafukuza vumbi.

Siku ya ziwa siisahau. Vita ilikuwa na mwaka wa tisa hivi. Goreth aliweka lile daraja kwenye mashine ya Kikanada, ile aina ya tatu, akaomba ramani ya mtu wa jiografia kwa majaribio, akaifungua. Ikafunguka! Tulikuwa hatujapiga makofi mara mbili, ziwa likatokea lote jekundu, jekundu la tomati iliyoiva, kutoka juu mpaka chini ya ramani. Mwenye ramani akapiga ishara ya msalaba. Mwingine akasema, "Yoo, Mana yanje, Mungu wangu, iyi ni alama," akachukua mkoba wake akaondoka, na miaka ile huwezi kumlaumu mtu kwa kuondoka. Désiré akaanza kuwatuliza watu kwa hotuba. Goreth akakisogelea kioo mpaka pua inakaribia kugusa.

"Nyekundu imekwenda kwa buluu," akasema. "Na buluu imekwenda kwa nyekundu. Kijani imebaki pale."

Alihangaika nalo wiki mbili. Ijumaa moja nimetoka kuswali nikamkuta ameandika karatasi nzima ya namba, nikamuuliza shida ni nini hasa. Akasema kila nukta ya rangi inahifadhiwa kwa namba tatu, nyekundu, kijani, buluu, na anaona kama mashine moja inazianzia huku na nyingine inazianzia kule. Nikacheka. Nikamwambia, "We Goreth, hilo ndilo linakukondesha? Mi msahafu nausoma kutoka kulia, gazeti nalisoma kutoka kushoto, na kichwa ni hikihiki. Wa katikati habadiliki, ndiyo maana kijani yako imebaki." Akaangalia karatasi yake ya namba. Halafu akanikumbatia, Goreth! Miwani ikaanguka, waya ukafunguka. Siku ile ile akaandika sehemu ya kuiuliza mashine kwanza inasoma kutoka upande gani, na ziwa likarudi kuwa ziwa. Nilitembea mpaka nyumbani nikicheka peke yangu barabarani kama niliyetoka harusini.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Goreth alikuwa na mwaka wake wa saba kwa masomo ya miaka minne. Si kwa ujinga. Chuo kilikuwa kinafungwa, kinafunguliwa, kuna mgomo, kuna mapigano, mitihani inahama. Mara moja alikuwa ameshaurudia mwaka, na kwa sheria ya wakati ule hakubakiwa na mara nyingine. Memwari yake, ile tasnifu ya kumalizia masomo, aliichagua juu ya lile daraja la michoro. Walimu wakakuna vichwa, nani ataisahihisha wakati hakuna anayeielewa? Wakapatana hivi: kazi yake ikikubaliwa na wenye mradi huko nje, jopo litaipokea. Isipokubaliwa, Goreth anarudi Gihosha bila karatasi yoyote, miaka saba imekwenda na maji.

Kwa hiyo ilibidi kumwandikia Henrik kwa barua pepe. Tukakaa kikao, Goreth, Désiré na mimi. Goreth akasema, "Tunatuma tu faili." Tukamwangalia kwa huruma. Faili tu? Hivihivi, kama mtu anayemwaga mchanga uani kwa jirani?

Nikasema mimi, na ninayaandika haya nikijua mnayasoma: "Hii ni posa. Tunaomba kitu chetu kiingie kwenye nyumba ya watu. Kwetu mshenga anatangulia. Kwenu Warundi msemaji anatangulia. Kwenye hili tuko dini moja. Désiré ataandika, Désiré atatia sahihi. Na bibi harusi hasemi."

Goreth akasema, "Sawa, Mama Nasra." Maneno matatu, kijiko hakikujaa.

Désiré alifanya kazi siku mbili na kamusi mbili. Barua ile ninaikumbuka, maana tuliisoma kwa sauti tukijisikia watu wakubwa sana. Ilisema: Mheshimiwa Mzee Henrik, amani kwako na kwa nyumba yako yote. Tunatumaini mvua imenyesha vizuri na ng'ombe wako wana afya. Sisi ni wageni tumetoka mbali. Tumesikia kwamba kwako kuna mtoto mzuri anayesifiwa, na sisi tunacho kitu ambacho, tukipewa ruhusa, tungependa kukiweka karibu naye. Leo hatutakitaja, kwa kuwa si adabu kukitaja siku ya kwanza. Tunaomba tu utufungulie mlango.

Tukaituma. Tukasubiri siku nne. Siku ya tano jibu likaja, Désiré akalitafsiri polepole, na uso wake ukawa unabadilika kwa kila neno:

"Sina akaunti ya benki ya kuwapa. Msiniandikie tena."

Eh! Tukalisoma tena. Halafu mimi ndiye niliyeanza, cheko lilinitoka kwenye tumbo, nikashika meza. Maana tulielewa wote kwa mpigo: tuliandika sawasawa kama wale matapeli wa mtandaoni, wanaosalimia familia yako yote kabla ya kukuomba namba zako. Désiré hakucheka. Alikuwa ametukanwa yeye, mjomba wake, na mababu waliosema kwenye harusi tangu zamani. "Ule mutu hana wazazi," akasema. "Mi simuandikii tena. Apana. Wapate bibi harusi mwingine."

Goreth akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akamvuta kiti Désiré, akamkalisha mbele ya mashine, akaambatisha faili kwa mkono wake mwenyewe. Akasema, "Andika kwamba tunarekebisha rangi."

Tukaandika upya, mistari mitano. Salamu tuliziacha mbili tu, ya mvua tukaitoa, ng'ombe Désiré akawapigania lakini nao wakatoka. Chini akatia sahihi, jina lake, kama tulivyopatana. Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti. Nililiona jina lile likiandikwa, na nikaona ni heshima.

Safari hii jibu lilikuja siku ileile: "Inafanya kazi. Mstari wa arobaini una nafasi zimezidi. Rekebisha."

"Hata bonjour?" Désiré akauliza, sauti ya kilio. "Hata moja?"

Goreth alikuwa ameshaanza kurekebisha.

Baada ya siku sita ikaingia. Henrik aliandika kwamba ameigusa kidogo, amefupisha mistari miwili kuwa mmoja, na sasa imo kwenye mradi, wa mashine zote, nchi zote. Tuliruka! Mzee Leonidas, aliyekuwa amestaafu lakini bado anakuja kila Ijumaa kukagua kama nasafisha, alileta soda za wote, akacheza hatua mbili za kwao kijijini ambazo sikujua kwamba magoti yale yanaziweza. Désiré, kwa kuwa sasa ni ukwe, akaandika barua ya shukrani na kumuuliza Mzee Henrik, kwa heshima zote, ana watoto wangapi na wajukuu wangapi. Jibu: "Nina miaka kumi na tisa. Naishi kwa mama. Kwa nini mnaniita mzee?" Nilicheka mpaka nikatafuta pa kushika. Wiki mbili tulikuwa tunampigia magoti mtoto ambaye mama yake anamwita mezani!

Katika kelele zile nilimwona Goreth anasoma orodha ya wapishi kwenye kioo. Jina lilikuwa moja, la Désiré. Nikamwuliza, "Ni sawa?" Akasema, "Ni sawa, imeingia." Na mimi, mtu mzima, nikakubali kwamba ni sawa.

Mwenyekiti wa jopo alikuwa profesa wa hesabu, mtu wa haki lakini mkavu, tai yake sijawahi kuiona imelegea hata siku za joto la kuua. Zimebaki siku mbili Goreth atetee memwari, akatuita ofisini. Juu ya meza kuna karatasi, ile orodha ameichapa, jina la Désiré amelipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

"Mademoiselle anawasilisha kazi," akasema. "Wenye mradi wanasema kazi ni ya monsieur. Nani anaweza kunieleza?"

Désiré akaeleza. Alieleza posa, mshenga, bibi harusi asiyesema, akaeleza kwa ufundi wake wote, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana kwamba hata memwari yenyewe huenda ni yeye aliyeiandika. Profesa akamsikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza, "Kama huyu dada angekuwa ameiba kazi yako, ungemtetea?"

"Ningemtetea, Profesa," Désiré akajibu, kifua mbele.

Ebo! Nilitamani kumtia soksi mdomoni.

"Basi ushahidi wako haunisaidii," profesa akasema. "Mwenye kuweka jina ndiye atakayeniambia, au jopo litaamua jinsi linavyoona."

Simu za chuo, zinazotuletea intaneti, hazikuwa zinafanya kazi wiki ile. Tukakimbilia mjini, kwenye duka la intaneti, tukamwandikia Henrik bila salamu hata moja. Hakujibu. Kesho yake hakujibu. Baadaye tulikuja kujua alikuwa amekwenda na mama yake kuteleza kwenye theluji. Mi usingizi ulinikimbia. Si jopo lililokuwa linaniumiza. Ni ule mdomo wangu, uliokaa kwenye kiti changu na kugawa kazi ya mtoto wa watu kama ninayepima mita mbili za kitambaa.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Juu milimani risasi zilikuwa zinalia tangu asubuhi, hakuna aliyeinua kichwa. Goreth alizunguka njia ndefu kutoka Gihosha, akafika na vumbi mpaka kwenye nyusi, akajifuta kwa kitenge cha mama yake, akapanda mbele. Jopo ni watu watatu, tai tatu.

Profesa akauliza swali la kwanza: kwa nini rangi zinageuka kutoka mashine hadi mashine?

Goreth akafungua mdomo. Kutoka nyuma ikasikika sauti nyingine, nzuri, ya mviringo: "Profesa, kama wahenga wetu walivyosema..."

"Kaa chini!" profesa akamkata.

Désiré akakaa. Masikini, hata yeye alishtuka. Nadhani miguu ilisimama yenyewe. Lakini Goreth naye alishafunga mdomo. Profesa akarudia swali. Akauliza la pili. Goreth anaangalia meza, vidole vinasugua ule waya wa miwani, na nikajua kinachomfunga, maana nimelelewa hivyohivyo mimi: mbele ya wakubwa unangoja mtu akuseme. Alikuwa anatungoja sisi. Mtu wa kushoto kwenye jopo akaanza kukusanya karatasi zake.

Nikasimama. Wasikilizaji hawaruhusiwi kusema, ninajua. Mabango ya kukataza nimeyabandika mwenyewe. Nikasema kwa nguvu, "Goreth, mwanangu, ile kazi ni ya nani?"

"Madame!" profesa akasema.

"Nifukuzeni akishajibu."

Goreth akainua kichwa. "Ni yangu," akasema. Halafu tena, kwa jopo, si kwangu: "Ni kazi yangu. Yote."

Akachukua chaki. Akageukia ubao na kuanza kuandika programu, kwa kichwa, bila karatasi, mstari chini ya mstari, herufi ndogo za kukazana, anaenda mbio kama mwenye kudaiwa na chaki yenyewe. Profesa akatoa nakala yake, ile iliyoingia kwenye mradi, akafuata kwa kidole. Mstari wa kumi. Wa ishirini. Ukumbi mzima ulikuwa unasikia chaki tu. Karibu na chini, kidole cha profesa kikasimama.

"Hapa umekosea," akasema. "Kwangu mimi ni mstari mmoja. Wewe umeweka miwili."

"Yangu ilikuwa miwili. Mmoja aliweka Henrik." Akasita kidogo. "Na Henrik amekosea."

Mama yangu! Ukumbi ulifanya "aah" kwa pamoja. Profesa akavua miwani yake.

"Anahesabu nukta mbili mbili," Goreth akasema, na sasa sauti ilikuwa inapanda. "Mchoro ukiwa na upana usiogawanyika kwa mbili, nukta ya mwisho ya kila mstari inasahaulika. Haigeuzwi. Leteni mashine nitawaonyesha."

Mashine ilikuwepo mezani, mimi mwenyewe nilikuwa nimeisugua kwa kifutio alfajiri ile. Akaweka programu ya Henrik kama ilivyo. Akachora mraba wa buluu tupu, upana wake nukta mia moja na moja, akaufungua. Jopo lote likainama, tai tatu zikaning'inia. Mraba ulikuwa buluu safi, na ukingoni kulia, kutoka juu mpaka chini, uzi mwembamba mwekundu. Akarudisha mistari yake miwili. Akafungua tena. Uzi haupo.

Profesa akagusa kioo kwa kidole, pale uzi ulipokuwa. Kosa lile lilikuwa limeshakwenda dunia nzima, watu wangapi wamelipitia, hakuna aliyeliona. Na aliyeliona hakuweza kuwa mwingine isipokuwa yule aliyejua mistari miwili ile iliwekwa kwa ajili gani.

"Mademoiselle," akasema, sauti yake ikiwa tofauti kabisa. "Kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

"Hakuna aliyeniuliza, Profesa. Mama Nasra ameniuliza leo. Nimejibu."

Watu wakageuka kuniangalia, na mimi sikuwa na pa kuweka uso wangu. Miezi ile yote nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, na swali moja dogo kama lile halikunijia mpaka niliposhikwa na hofu. Kama kuna kitu mnapaswa kujua, nyinyi mnaokaa sasa na funguo zile, ni hicho. Ulizeni mwenye kazi.

Jopo likatoka, likarudi hata kabla Désiré hajamaliza kuuma kucha za mkono mmoja. Amepita. Nikapiga kigelegele pale pale mbele ya tai tatu, kirefu, cha mtaani kwetu Buyenzi, akina mama wa Gihosha waliokuja kumsikiliza Goreth nao wakapokea kwa impundu, vigelegele vyao, na hakuna aliyethubutu kunikumbusha bango. Machozi yalikuwa yanateremka na mi nacheka. Profesa alingoja tumalize, akagonga meza, akamuuliza mshindi swali la desturi, lile ambalo kila mtu hulijibu kwa asanteni sana halafu tunakwenda kula: je, ana neno la kuongeza?

Désiré akaanza kusimama. Nikamvuta shati, akakaa.

Goreth akatuangalia sote, safu kwa safu. Akafuta ubao mpaka ukawa mweusi, akachagua kipande kirefu cha chaki.

"Ninayo mengi," akasema.